Tuulize Kwanza Ombi Limefika Wapi: Hotuba kuhusu Kutafuta Hitilafu katika Seva ya Faili

Mafundi wenzangu, wasimamizi wa mitandao, walimu, na ninyi wanafunzi mnaoanza kazi hii,

Nimeombwa nizungumzie seva ya kushirikiana faili, na hasa ile saa ngumu ambapo seva imekwisha kusimikwa, huduma inaonekana kuwa hai, lakini mtumiaji aliye mezani pake hawezi kuifungua folda aliyoahidiwa. Nina neno moja ninaloliamini, na muda wote niliopewa nitautumia kulieleza: kabla hatujagusa mstari wowote wa mipangilio, tujue ombi la mtumiaji limefika wapi lilipokataliwa. Fundi anayejua lilipokomea amebakiwa na mahali padogo pa kutafuta. Asiyejua atabadilisha hiki na kile, na baada ya saa mbili seva iliyokuwa na kosa moja itakuwa na makosa matano, huku yeye mwenyewe hakumbuki lipi alilikuta na lipi amelileta.

Seva za faili tunazokutana nazo kazini ni za aina mbili kubwa. Ya kwanza huzungumza SMB, ambayo ni itifaki (lugha ya mawasiliano kati ya kompyuta) iliyobuniwa katika kampuni ya IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikakuzwa na Microsoft, kisha ikafika kwenye mashine za Unix na Linux kupitia programu ya Samba, ambayo Andrew Tridgell aliianzisha huko Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ya pili ni NFS, iliyotolewa na Sun Microsystems mwaka 1984. Tofauti ya asili zao ndiyo inayoeleza tofauti ya hitilafu zao. SMB humhoji mtu: wewe ni nani, na nenosiri lako ni lipi? NFS, katika hali yake ya kawaida, huiamini mashine inayoomba, na hupokea namba ya mtumiaji kama ilivyotajwa na mashine hiyo, bila kumdai mtu nenosiri. Kwa hiyo matatizo mengi ya SMB huhusu majina na manenosiri, na matatizo mengi ya NFS huhusu anwani na namba.

Ombi la kufungua faili hupita milango kadhaa kwa mpangilio usiobadilika. Jina la seva hugeuzwa kuwa anwani ya IP. Pakiti huvuka mtandao, na fayawoli (vizuizi vya mtandao) za pande zote mbili, hadi kwenye poti inayohusika, yaani namba ya mlango wa huduma, ambayo ni 445 kwa SMB ya leo na 2049 kwa NFS. Poti ikiitika, pande mbili hukubaliana toleo la itifaki. Ndipo mtumiaji hujitambulisha. Akitambuliwa, seva hutazama ruhusa za folda ya pamoja, kisha mfumo wa faili hutazama ruhusa zake wenyewe, na katika baadhi ya mashine za Linux kuna SELinux, kinga ya ziada ya usalama, inayoweza kukataa hata kama wengine wote wameridhia. Kila mlango una namna yake ya kukataa, na ndiyo maana nawasihi muusome ujumbe wa kosa kama ulivyoandikwa, herufi kwa herufi, badala ya kuridhika na taarifa ya mtumiaji kwamba “haifunguki”.

Tuchukue namba za makosa za Windows. Kosa namba 53 husema njia ya mtandao haikupatikana. Maana yake ombi halijafika kwenye huduma, na hakuna faida yoyote ya kuhangaika na manenosiri. Kosa namba 67 hulalamikia jina lenyewe la mtandao, na mara nyingi seva imeshaitika lakini jina la folda ya pamoja limekosewa au halipo. Kosa namba 86 husema nenosiri si sahihi. Kosa namba 5 husema umenyimwa ruhusa, na hili, ingawa humkatisha tamaa mtumiaji, kwa fundi ni habari njema, kwa sababu linamwambia kwamba kebo ni nzima, anwani ni sahihi, poti iko wazi na pande mbili zimezungumza. Kwa upande wa Linux, muunganisho unaokataliwa papo hapo ni tofauti sana na muunganisho unaosubiri hadi muda ukaisha. Wa kwanza kwa kawaida humaanisha mashine imefikiwa lakini hakuna huduma inayosikiliza kwenye poti ile. Wa pili humaanisha pakiti zinamezwa njiani, na aghalabu mmezaji ni fayawoli. Upo pia ujumbe unaosema hakuna njia ya kumfikia mwenyeji, ambao huwapotosha wengi wakaenda kuchunguza ruta, ilhali firewalld, fayawoli ya baadhi ya mashine za Linux, inapokataa muunganisho yenyewe hutuma jibu ambalo kompyuta inayoomba hulitafsiri hivyo hivyo.

Njia ya haraka ya kupunguza eneo la utafutaji ni kuligawa katikati. Kaeni kwenye seva yenyewe na mjiunge nayo kutoka humo humo, kwa amri kama `smbclient //localhost/nyaraka -U asha`, ambapo nyaraka ni jina la folda ya pamoja na asha ni jina la mtumiaji. Ikifunguka pale lakini ikakataa kutoka kwenye kompyuta nyingine, basi majina, manenosiri na ruhusa za mtumiaji huyo viko sawa, na tatizo linatafutwa kati ya mashine mbili. Ikikataa hata pale, fayawoli na ruta tuviache kwanza. Jaribio hili huchukua chini ya dakika moja, na linastahili kutangulia majaribio mengine yote.

Katika sehemu ya mtandao sitakaa sana, kwa kuwa wengi wenu mnaifahamu. Nitaonya tu juu ya `ping`, amri ya kuuliza kama mashine iko hewani. Mashine inayoitika `ping` haijathibitisha lolote kuhusu poti 445, na mashine isiyoitika inaweza kuwa inatoa faili bila shida, maana fayawoli yake inaweza kuwa imeelekezwa kutojibu. Pimeni poti yenyewe: kwenye Windows kwa `Test-NetConnection` pamoja na namba ya poti, kwenye Linux kwa `nc -vz`. Kwenye seva, `ss -tln` itawaonyesha kama huduma inasikiliza kwenye anwani zote au imefungiwa kwenye 127.0.0.1, yaani anwani ya mashine kujiita yenyewe, peke yake, jambo ambalo hutokea mtu anapoweka `bind interfaces only` bila kutaja vema kiunganishi cha mtandao. Jaribuni pia kwa anwani ya IP badala ya jina. Ikifunguka kwa anwani na ikakataa kwa jina, tazameni kwanza namna jina linavyogeuzwa kuwa anwani. Nasema kwanza, kwa sababu katika mtandao wenye domeini, yaani wenye usimamizi mmoja wa watumiaji wote, jina hutumia utambulisho wa Kerberos na anwani kwa kawaida huangukia utambulisho wa zamani wa NTLM, hivyo tofauti hiyo inaweza kutoka kwenye Kerberos, na hata kwenye saa za mashine, kwani Kerberos kwa chaguo-msingi huvumilia tofauti ya dakika 5 tu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limepoteza muda wa mafundi wengi kuliko yote ninayoyajua, nalo ni kudhani kwamba seva isiyoonekana kwenye orodha ya mtandao ya Windows ni seva isiyofanya kazi. Orodha ile na huduma ya faili ni vitu viwili. Zamani orodha ilitegemea SMB ya toleo la kwanza na utaratibu wa NetBIOS. Kuanzia Windows 10 toleo la 1709, lililotoka mwaka 2017, toleo hilo la kwanza la SMB haliwekwi tena kwa chaguo-msingi, na mashine hutafutana kwa utaratibu mwingine uitwao WS-Discovery, ambao Samba yenyewe haina. Seva ya Linux inaweza kuwa nzima kabisa na isionekane. Andikeni njia yake kamili, `\\seva\nyaraka`, mtaona inafunguka. Na kama watumiaji wanahitaji kuiona kwenye orodha, wekeni programu ndogo ya `wsdd`.

Kinachonisikitisha ni ushauri unaozunguka kwamba dawa ya tatizo hilo ni kuirudisha SMB ya toleo la kwanza. Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilienea duniani kwa kutumia udhaifu uliokuwa katika utekelezaji wa Microsoft wa toleo hilo hilo, ingawa Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuuziba mwezi Machi mwaka ule ule. Hospitali zilifungiwa mafaili yao. Samba nayo, katika toleo la 4.11 la mwaka 2019, iliacha kulikubali toleo la kwanza kwa chaguo-msingi. Najua zipo skana na mashine za kunakili zisizojua lugha nyingine zaidi ya ile ya kale. Kifaa cha namna hiyo kitengewe folda kwenye mashine iliyotengwa peke yake, au kitumie njia nyingine ya kutuma faili. Nyaraka za ofisi nzima zisiteremshwe kinga kwa ajili ya skana moja.

Mlango wa utambulisho unahitaji utulivu zaidi. Wanaoanza Samba hushangaa kuona nenosiri linalofungua seva ya Linux halifungui folda ya pamoja. Samba, ikiwa haijaunganishwa na domeini, ina hifadhi yake ya manenosiri. Mtumiaji lazima awepo kwenye mfumo, na pia aongezwe kwa `smbpasswd -a`. Amri ya `pdbedit -L` itawaorodheshea walioongezwa. Hilo ni jepesi. Gumu zaidi ni mstari wa `map to guest = bad user`, ambao huonekana katika mifano mingi ya mipangilio. Mstari huu ukiwepo, mtu anayeleta jina lisilojulikana hakataliwi, bali hugeuzwa kimyakimya kuwa mgeni. Kisha mgeni huyo hufika kwenye folda isiyomruhusu, na ujumbe unaotoka ni wa kunyimwa ruhusa. Fundi hutumia siku nzima akirekebisha ruhusa za folda, kumbe kosa lilikuwa herufi moja katika jina la mtumiaji. Kwa hiyo kabla ya kugusa ruhusa, endesheni `smbstatus` kwenye seva mwone mtumiaji ameingia kwa jina gani.

Windows nayo hukumbuka. Ikiwa kompyuta ilijiunga na seva asubuhi kwa jina moja, haitakubali kufungua folda nyingine ya seva ile ile kwa jina tofauti, na itatoa kosa namba 1219. Ondoeni miunganisho iliyopo kwa `net use * /delete`, na tazameni manenosiri yaliyohifadhiwa kwa `cmdkey /list`. Kuhusu wageni wasio na nenosiri, zama zao zinakwisha: matoleo ya Enterprise na Education ya Windows 10 yaliacha kuwakubali katika SMB2 tangu 1709, na Windows 11 toleo la 24H2 la mwaka 2024, katika Pro, Enterprise na Education, hudai kila mazungumzo ya SMB yatiwe sahihi, jambo ambalo muunganisho wa mgeni hauwezi kulitimiza. Ikiwa folda ya wageni iliyofanya kazi miaka mingi imegoma baada ya kompyuta kusasishwa, msiitafute sababu kwenye seva. Mpeni kila mtumiaji jina na nenosiri. Ndiyo tiba inayodumu.

Tukifika kwenye ruhusa, kanuni ni kwamba ruhusa za folda ya pamoja na ruhusa za mfumo wa faili husomwa zote mbili, na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Kwenye Windows ruhusa za pamoja zinaweza kusema kila mtu anaandika, na bado NTFS, mfumo wa faili wa Windows, ikakataa. Kwenye Samba, folda ya pamoja ni ya kusoma tu mpaka mwandike `read only = no`, na hata mkiandika hivyo, Linux itamzuia mtu asiye na haki katika folda yenyewe. Tena haitoshi folda ya mwisho kuwa na ruhusa. Mtumiaji lazima aruhusiwe kupita katika kila folda ya juu yake. Mtu akiweka folda ya pamoja ndani ya nyumba ya mtumiaji mmoja, chini ya `/home`, na nyumba ile ina ruhusa za 700, yaani za mwenyewe peke yake, wengine wote watakwama mlangoni hata kama folda ya ndani imeachwa wazi kabisa. Amri ya `namei -l` ikifuatiwa na njia nzima itaonyesha hatua kwa hatua mahali wanapozuiwa. Naipenda amri hii, na nasikitika kwamba wengi hawafundishwi.

Hapa ndipo mkono wa fundi huvutwa kwenye `chmod -R 777`, amri inayompa kila mtu ruhusa zote. Naomba tuiache. Folda itafunguka, ni kweli, lakini sababu ya kukataliwa itakuwa imefichwa, kila programu kwenye seva itakuwa na uwezo wa kufuta nyaraka za watu, na hakuna amri ya kurudisha ruhusa zilizokuwepo. Kazi ile ile hufanyika kwa usafi kwa kuunda kundi, kuwaingiza watumiaji, kulikabidhi kundi folda kwa `chgrp`, na kuipa folda ruhusa za 2770, ambapo ile 2 ya mwanzo huhakikisha kila faili mpya inarithi kundi la folda. Bado litabaki lalamiko moja maarufu: wenzangu wanaziona faili zangu lakini hawawezi kuzihifadhi. Samba kwa chaguo-msingi hutumia `create mask` ya 0744, inayowanyima wanakundi haki ya kuandika. Wekeni `create mask = 0660` na `directory mask = 2770` katika sehemu ya folda hiyo, kisha mrekebishe faili zilizokwisha kuundwa, kwa sababu mipangilio mipya haizigusi za zamani.

Kwenye mashine zenye SELinux, kama vile za Fedora na Red Hat, ruhusa zote zinaweza kuwa sahihi na bado mlango ukafungwa, kwa sababu folda haina lebo ya `samba_share_t`. Faili iliyohamishwa kwa `mv` huja na lebo ya ilikotoka. Kuizima SELinux kwa dakika moja kwa `setenforce 0` ili kujua kama ndiyo inayozuia ni kipimo halali. Kuiacha imezimwa ni kuiacha seva bila kinga moja kubwa. Lebo ya kudumu huandikwa kwa `semanage fcontext` na kutekelezwa kwa `restorecon -Rv`. Lebo iliyowekwa kwa `chcon` peke yake itafutika siku lebo zitakapowekwa upya.

Kwa upande wa NFS nitaanza na nafasi moja tupu. Katika faili ya `/etc/exports`, inayoorodhesha folda zinazotolewa na mashine zinazoruhusiwa, mtu akiandika `/srv/nyaraka 192.168.1.5(rw)`, ameiruhusu mashine ile moja kusoma na kuandika. Akiacha nafasi kabla ya mabano, yaani `/srv/nyaraka 192.168.1.5 (rw)`, ameiruhusu mashine ile kwa masharti ya kawaida, ambayo ni kusoma tu, na wakati huo huo ameiruhusu dunia nzima inayoweza kuifikia seva kusoma na kuandika. Dalili atakayoiona ni ndogo, kwamba mashine yake haiwezi kuandika, na huku nyuma ameacha wazi kila kitu. Baada ya kila badiliko endesheni `exportfs -ra`, kisha `exportfs -v`, na msome kilichotolewa kwa kweli.

Pili, namba. Mtumiaji mwenye namba 1001 kwenye kompyuta yake na mwenye namba 1004 kwenye seva ni watu wawili machoni pa NFS, hata kama jina ni moja. Atazikuta faili zake zina mwenyewe asiyemjua. Msimamizi mkuu naye, kwa sababu ya kanuni ya `root_squash`, hugeuzwa kuwa mtu asiye na haki, kwa kawaida mwenye namba 65534, na hiyo si hitilafu. Katika NFS ya toleo la 4, faili zote zikionekana ni za `nobody`, linganisheni jina la domeini katika `/etc/idmapd.conf` pande zote mbili.

Tatu, na hili ni la hatari kimyakimya: seva imewaka, lakini diski ya data haikupachikwa, yaani haikuunganishwa kwenye folda yake, na NFS ikaitoa ile folda tupu iliyo chini yake. Watumiaji wanaona folda haina kitu, wanashtuka, na baadhi yao wanaanza kuandika faili mpya kwenye diski ya mfumo. Diski ikipachikwa baadaye, faili zile zinafunikwa na kuonekana kama zimepotea. Chaguo la `mountpoint` katika `/etc/exports` huizuia NFS kuitoa folda kabla diski haijapachikwa, na sioni sababu ya seva yenye diski ya pembeni kukosa chaguo hilo. Nne, msiikimbilie `soft`, chaguo linaloifanya kompyuta ikate tamaa seva isipojibu, ili kuepuka kompyuta kuganda seva inapokatika. Programu iliyokuwa katikati ya kuandika itapewa kosa ambalo huenda haikutarajia, na faili inaweza kuharibika. Kwa folda zinazoandikwa, `hard`, inayoendelea kusubiri, ndiyo salama.

Katika yote haya, badilisheni kitu kimoja kwa wakati, na mpime kwa muunganisho mpya. Samba husoma upya mipangilio yake yenyewe, lakini muunganisho uliokwisha kufunguliwa hauguswi, kwa hiyo anayejaribu kwa dirisha lililofunguliwa tangu mwanzo anaweza kuhukumu vibaya tiba iliyo sahihi. Endesheni `testparm` kila mnapohariri, maana mstari wenye tahajia mbaya hupuuzwa na kazi huendelea kana kwamba haukuandikwa. Pandisheni kiwango cha maandishi ya kumbukumbu, `log level`, hadi 3 wakati wa uchunguzi, someni kilichoandikwa chini ya `/var/log/samba` kwa mashine moja yenye tatizo, na mkimaliza mkishushe kiwango hicho, kwa sababu maandishi hayo hujaza diski.

Hitilafu ikipona, kabla hamjaondoka, zimeni seva na kuiwasha tena mbele ya mtumiaji. Kanuni ya fayawoli iliyowekwa bila `--permanent` itakuwa imepotea. Huduma isiyowekwa kujiwasha italala. Anwani iliyogawiwa na ruta inaweza kubadilika. Diski isiyoandikwa vema katika `/etc/fstab` haitapachikwa. Heri mambo hayo yajitokeze nanyi mkiwa hapo, na kila mlichokibadilisha kiandikwe pamoja na tarehe na sababu yake, ili fundi atakayekuja baada yenu asianze kutafuta mlipoanzia ninyi. Asanteni kwa usikivu wenu. Sasa nakaribisha maswali, na anayeuliza atutajie kwanza ujumbe wa kosa kama ulivyoandikwa.